Kampuni Hii ni ya Nani? Namna ya Kumfuata Mwenyewe Hatua kwa Hatua

Anza na kibao. Kwa kawaida kila mradi wa serikali, uwe zahanati, kisima au barabara ya changarawe, husimamishiwa kibao chenye jina la mradi, ofisi inayolipa, mkandarasi na mara nyingine gharama. Kipige picha siku ile ile unapokiona, kwa sababu vibao huanguka, hung'olewa au hufunikwa na mabango ya kampeni. Jina la mkandarasi lililoandikwa pale ndio uzi utakaoushika mpaka ufike kwa binadamu mwenye kitambulisho, yule ambaye fedha za mradi zinaishia mkononi mwake.

Mwongozo huu ni wa mwananchi wa kawaida wa Kenya: mwalimu, mjumbe wa kamati ya zahanati, mwandishi wa habari wa kaunti, kijana wa kikundi cha mtaa. Si lazima uwe wakili. Unahitaji simu yenye intaneti, kitambulisho, shilingi mia kadhaa na subira ya wiki tatu au nne. Majirani zetu wa Tanzania na Uganda wana sheria zinazokaribiana na zetu, na nitazigusa pale zinapohusika.

Kwa nini jina la kampuni halitoshi

Wengi wetu tunaikumbuka Anglo Leasing, lakini vijana waliozaliwa baada yake wamelisikia jina tu. Serikali ilitaka mtambo wa kutengeneza pasipoti mpya. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6. Kazi ikapewa Anglo Leasing and Finance, kampuni yenye anwani ya Liverpool, Uingereza, kwa yuro milioni 30, na kampuni hiyo ilipanga kuwakabidhi kazi Wafaransa wale wale. Mambo yalipofichuka mwaka 2004, jambo la kushangaza lilitokea: fedha zilizokwisha kulipwa zikaanza kurudi Hazina, zikitumwa na watu ambao serikali yenyewe haikuweza kusema ni akina nani. John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa maadili na utawala bora, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza. Baadaye ikaonekana kwamba mikataba ya namna hiyo ilikuwa 18.

Tena haikuishia hapo. Mwaka 2014 Kenya ilikuwa inajiandaa kukopa katika soko la kimataifa, na kampuni mbili za sakata hilo zilikuwa zimeshinda kesi nje ya nchi. Serikali ikalipa takriban shilingi bilioni 1.4. Miaka kumi ilikuwa imepita, na mlipa kodi bado alikuwa hajaambiwa waziwazi anamlipa nani.

Watanzania nao wana Richmond. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukosefu wa umeme, kampuni hiyo ilipewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura. Kamati Teule ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, ilipochunguza ikabaini kwamba kampuni haikuwa na uwezo wala sifa za kazi ile. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Nimeanza na hadithi hizi ili uone kwamba kujua mwenye kampuni si umbea. Mwizi wa mali ya umma ana shida moja kubwa: hawezi kupokea fedha kwa jina lake. Afisa anayegawa zabuni akijigawia mwenyewe atakamatwa kesho. Kwa hiyo anasajili kampuni kwa jina la shemeji, la dereva wake, au la kampuni nyingine iliyosajiliwa kisiwani mbali. Kampuni inashinda zabuni, inatoa ankara, inalipwa benki, pengine hata inalipa kodi. Inanunua kiwanja, inajenga nyumba za kupanga, na baada ya miaka miwili fedha ya wizi inaonekana kama faida ya biashara. Huo ndio utakatishaji wa fedha. Bila kampuni isiyojulikana mwenyewe, kazi hiyo ingekuwa ngumu mno.

Hatua ya kwanza: pata jina kamili

Kampuni mbili zinaweza kuwa na majina yanayokaribiana sana, na kumshuku mtu asiyehusika ni dhuluma. Andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kibao. Angalia kama lina neno Limited mwishoni. Likiwa halina, huenda si kampuni bali ni jina la biashara tu, na hapo mwenyewe ni mtu mmoja au wabia waliosajiliwa kwa majina yao. Upekuzi wake ni tofauti na wa kampuni, tena ni rahisi zaidi.

Kisha nenda kwenye tovuti ya taarifa za zabuni za serikali, tenders.go.ke. Agizo la Rais Namba 2 la mwaka 2018 liliziamuru taasisi zote za umma kutangaza zabuni zilizotolewa na waliozishinda kuanzia Julai 1 mwaka huo. Utiifu si kamili, na kaunti nyingine huweka habari nusu nusu, lakini tafuta. Ukiupata mradi wako, nakili namba ya zabuni, tarehe ya kutolewa, kiasi cha fedha na jina la mshindi. Namba ya zabuni ina thamani kubwa, maana ukiitaja kwenye barua hakuna karani atakayekuambia haelewi unauliza nini.

Hatua ya pili: nunua CR12 na uisome vizuri

CR12 ni hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua huduma za usajili wa biashara (BRS), chagua upekuzi rasmi wa kampuni, weka jina, lipa kwa simu. Kwa miaka mingi ada yake imekuwa shilingi 650. Si lazima uwe mkurugenzi, wala huulizwi unaitakia nini. Mtu yeyote anaweza kuiomba.

Itakapofika, usikimbilie majina. Mimi huisoma kwa mpangilio huu.

Tarehe ya usajili kwanza. Iweke kando ya tarehe ya zabuni. Kampuni iliyosajiliwa Machi ikashinda kazi ya shilingi milioni 48 mwezi Juni ilipata wapi uzoefu wa miaka mitatu ambao matangazo mengi ya zabuni huutaka? Pengine kuna jibu zuri, kwa mfano wakandarasi wakongwe walioungana na kuanzisha kampuni mpya. Lakini swali hilo una haki ya kuliuliza.

Halafu anwani na sanduku la posta. Linganisha na za kampuni nyingine zilizoomba zabuni hiyo hiyo, kama unazijua. Mara moja tulikaa watatu kwenye saiba, CR12 mbili zimelazwa mezani, za mshindi na za mshindani wake aliyeshindwa kwa bei ya juu kidogo. Mwenzetu akaweka kidole kwenye sanduku la posta la karatasi ya kushoto, akakisogeza polepole hadi karatasi ya kulia. Namba ilikuwa ile ile. Jengo lile lile, ghorofa ile ile. Waliodai kushindana walikuwa jirani wa mlango kwa mlango, kama si watu wamoja.

Sasa jedwali la hisa. Mtaji mdogo usikushtue; kampuni nyingi halali nchini zimesajiliwa kwa mtaji wa shilingi 100,000. La kutazama ni nani ana hisa ngapi. Mwanahisa mwenye hisa 999 kati ya 1,000 ndiye kampuni yenyewe, na yule mwenye hisa moja yupo kujaza nafasi. Na kama mwanahisa si mtu bali ni kampuni nyingine, hujafika popote. Umegonga mlango na ndani umekuta mlango wa pili. Nunua CR12 ya kampuni hiyo ya pili, kisha ya tatu ikibidi.

Kumbuka pia kwamba CR12 ni picha ya siku ulipoiomba. Wanahisa wanaweza kuwa wamebadilishwa wiki moja baada ya malipo kutoka. Ndiyo maana inafaa uipate mapema, na uombe nyingine baada ya miezi kadhaa ili ulinganishe.

Hatua ya tatu: tofautisha aliyeandikwa na aliye nyuma yake

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tuende taratibu.

Sheria ya Kampuni ya Kenya, kifungu cha 93A, pamoja na kanuni za mwaka 2020, inaitaka kila kampuni iweke daftari la wamiliki halisi na kuwasilisha nakala kwa Msajili. Mfumo wa kupokea taarifa hizo ulianza Oktoba 2020. BRELA, ofisi inayosajili kampuni Tanzania, huwaita watu hao wamiliki manufaa, jina linaloeleza jambo vizuri: ni wale wanaopata manufaa, hata kama majina yao hayamo kwenye cheti. Kwa Kenya, mmiliki halisi ni mtu, kamwe si kampuni, mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, moja kwa moja au kupitia kwa mwingine. Au mwenye haki ya kuteua na kuondoa mkurugenzi. Au mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni kwa njia nyingine yoyote.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme Kampuni A ndiyo mkandarasi. Asilimia 40 ya hisa zake zinashikwa na Kampuni B. Mheshimiwa fulani anashika nusu ya Kampuni B. Nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo mheshimiwa ana asilimia 20 ya mkandarasi ingawa jina lake halionekani popote kwenye CR12 ya Kampuni A. Amevuka kiwango cha 10, na sheria inataka atajwe.

Aina ngumu zaidi ni ya yule asiye na hisa hata moja. Hisa zote ni za mpwa wake wa miaka 22 ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, lakini anayetia saini hundi ni mjomba, aliyekopesha kampuni ni mjomba, na mafundi wakidai mshahara wanampigia mjomba. Huyo naye ni mmiliki halisi kisheria. Hutampata kwenye karatasi. Utampata kwa kuuliza mafundi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na dereva wa lori la kokoto. Ushahidi wa namna hii hautoshi kumtia mtu hatiani, lakini unatosha kabisa kuwaonyesha wachunguzi pa kuangalia.

Daftari hilo la wamiliki halisi kwa jumla halifunguliwi kwa kila mtu kama CR12. Huonwa na vyombo vya serikali vyenye mamlaka. Binafsi naona ni kosa. Uingereza iliweka wazi daftari lake mwaka 2016 na mtu yeyote hulisoma bure, na biashara za Waingereza hazijafa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kwenye fedha za umma kuna njia ya pembeni, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya nne: andika barua

Hati za kawaida za zabuni za serikali zina fomu ambayo mshindi hutakiwa kuijaza akitaja wamiliki wake halisi, kwa kiwango kile kile cha asilimia 10. Fomu hiyo imo kwenye faili la ununuzi la taasisi iliyotoa kazi. Iombe.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hilo limeandikwa kwenye sheria yenyewe, kwa hiyo asikwambie mtu urudi na barua ya Kiingereza. Huna wajibu wa kueleza sababu. Hulipishwi ada ya kuomba, ila gharama ya kunakili kurasa. Kisheria afisa wa habari ni mkuu wa taasisi mwenyewe au aliyekabidhiwa kazi hiyo, kwa hiyo barua ielekeze kwake. Mfano ni huu:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu zabuni namba (andika) ya ujenzi wa (andika): mkataba uliotiwa saini, ripoti ya tathmini ya zabuni, fomu ya kutaja wamiliki halisi iliyojazwa na mkandarasi, na vyeti vya malipo yaliyofanywa hadi leo. Iwapo sehemu ya hati haiwezi kutolewa, naomba mnipe sehemu iliyobaki na mnieleze kwa maandishi sababu ya kuzuia hiyo nyingine."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ofisi nyingi hukataa faili zima kwa sababu ya ukurasa mmoja wenye siri ya kibiashara. Ukiambiwa mkataba ni siri, wakumbushe kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo, kinachoitaka taasisi ya umma kutangaza mkataba ikishautia saini: kazi yenyewe, kiasi cha fedha, jina la mtoa huduma na muda wa mkataba.

Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uiweke mahali salama. Muhuri huo ndio unaoanzisha saa. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu kama hati ni nyingi au zinahitaji mashauriano. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu upate uamuzi.

Hatua ya tano: linganisha majina na wenye madaraka

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 59, inazuia taasisi ya umma kuingia mkataba na maafisa wake au na kampuni zao, na jamaa zao wamewekewa mipaka. Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025 imeongeza nguvu. Kwa hiyo weka majina yako kando ya majina ya wakuu wa idara, wajumbe wa kamati ya zabuni na madiwani.

Nakusihi uwe mwangalifu hapa kuliko popote. Majina ya kwetu yanajirudia. Pwani utawakuta watu kumi wenye majina matatu yale yale ndani ya wadi moja. Usimhusishe mtu mpaka uwe na alama mbili zaidi zinazokubaliana: mwaka wa kuzaliwa, anwani, kampuni nyingine wanayoshiriki, au mtu anayewajua wote wawili. Na kama ni ndugu kweli, bado uliza kama sheria imevunjwa. Ndugu wa afisa wa kaunti moja ana haki ya kufanya biashara katika kaunti nyingine.

Uzi ukivuka mpaka

Ukikuta mwanahisa ni kampuni ya Uingereza, fungua tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa huko, andika jina, utaona bure wakurugenzi na wenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa. Kampuni za kigeni zenye ardhi na nyumba huko nazo zimewekewa daftari la wamiliki halisi tangu Agosti 2022. Kwa Tanzania ni BRELA, kwa Uganda ni URSB, ofisi ya usajili ya huko. Ulaya mambo yalirudi nyuma: Novemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta kanuni iliyowaruhusu watu wote kusoma madaftari hayo, na nchi kadhaa zikafunga milango. Visiwa vya Virgin vya Uingereza ndivyo hasa vinavyojulikana kwa kuficha. Hapo jaribu hifadhidata ya ICIJ, muungano wa kimataifa wa wanahabari wachunguzi, yenye kampuni zaidi ya 810,000 zilizotoka kwenye nyaraka zilizovuja kama za Panama za mwaka 2016 na za Pandora za mwaka 2021. Jina kuwemo humo si kosa la jinai. Ni sababu ya kuendelea kuuliza.

Hatua ya mwisho: peleka kunakostahili

Usiyamwage kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona kazi ya miezi mitatu ikiharibika kwa usiku mmoja: mhusika alionywa, hisa zikahamishwa, na aliyesambaza akatishiwa kesi ya kuchafua jina. Panga karatasi zako kwa tarehe, kuanzia usajili wa kampuni hadi malipo ya mwisho. Andika ukurasa mmoja unaosema ulichokiona, bila neno mwizi wala fisadi. Ambatisha nakala, baki na asili. Ficha namba za vitambulisho na za simu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe.

Kisha peleka EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Rushwa, ambayo tovuti yake ina njia ya kuripoti bila kujitaja. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2003, kifungu cha 65, inamlinda mtoa habari. Nakala nyingine mpe Mkaguzi Mkuu wa Serikali, maana wakaguzi wake hufika kwenye kaunti kila mwaka na hushukuru kuonyeshwa faili la kufungua. Wao wanaweza kuomba taarifa za benki na daftari la wamiliki halisi, vitu ambavyo wewe na mimi hatuwezi kuvipata. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, na miongoni mwa mambo iliyotakiwa kurekebisha ni usahihi wa taarifa za wamiliki halisi. Tanzania, iliyoingia Oktoba 2022, ilitoka Juni 2025. Kwa hiyo vyombo hivi sasa vina sababu ya kuzichukulia taarifa za namna hii kwa uzito.

Zahanati iliyonifanya nijifunze haya yote bado haina paa. Barua yetu ilijibiwa siku ya kumi na tisa. Kurasa sita, zimepigwa muhuri vizuri, na fomu ya wamiliki halisi ikiwa ya mwisho. Palipotakiwa kuandikwa jina la mtu, mkandarasi alikuwa ameandika jina la kampuni nyingine. Jioni ile ile tuliomba CR12 yake.